Tenementi za Uskoti: jiwe, chokaa na ngazi ya watu wote

Ukipita katika miji ya Uskoti kama Paisley, Greenock au Rothesay, utakuta mitaa ambayo upande mmoja mzima ni ukuta wa jiwe uliopanda ghorofa nne, madirisha yamepangana safu juu ya safu, na kila baada ya hatua chache kuna mlango mwembamba unaofunguka kwenye njia ya miguu. Jengo la namna hii huitwa tenementi. Anayeliona mara ya kwanza hudhani ni nyumba kubwa za matajiri zilizosimama bega kwa bega. Kumbe mlango ule si wa nyumba ya mtu, ni wa ngazi. Ngazi moja kwa kawaida huhudumia nyumba nane, mbili kila ghorofa, na mahali pengine kumi na mbili. Anayetaka kuielewa tenementi, awe mpangaji, mnunuzi au mpenzi wa majengo tu, aanze hapo: ni jengo moja. Uzito wa wote unashuka katika kuta zilezile, mvua ya wote inapita katika mifereji ileile, na paa likivuja linawahusu hata wanaoishi chini kabisa.

Kwa nini Waskoti walijenga kwenda juu, ilhali Waingereza upande wa pili wa mpaka walijipangia nyumba ndogo zenye mlango mmoja kwa kila familia? Sababu mojawapo kubwa ni utaratibu wa ardhi ulioitwa fiyu. Mwenye ardhi hakuiuza akaenda zake. Aliitoa kwa kudumu, na mjenzi pamoja na wote waliomfuata wakabaki kulipa ada kila mwaka. Kiwanja chenye mzigo usiokwisha hakiwezi kubeba nyumba moja, kwa hiyo mjenzi alikijaza mpaka juu. Mara nyingi hati za fiyu ziliamuru pia mstari wa ukuta wa mbele, urefu wa jengo na aina ya jiwe. Ndiyo maana safu iliyojengwa na wajenzi kadhaa kwa miaka kadhaa bado ina ukanda mmoja wa jiwe unaokimbia kutoka kona hadi kona bila kukatika. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 28 Novemba 2004, lakini sura ya mitaa iliyozaliwa nao imebaki.

Rangi ya jiwe ndiyo dalili ya kwanza ya umri. Katika Glasgow na miji inayoizunguka, tenementi nyingi za kabla ya miaka ya 1890 ni za jiwe la mchanga la rangi ya asali au kijivu kilichofifia, lililochimbwa karibu, kwenye machimbo kama Giffnock na Bishopbriggs. Jiwe zuri la karibu lilipopungua, reli ikaleta jiwe jekundu kutoka kusini: Locharbriggs karibu na Dumfries, na Ballochmyle huko Ayrshire. Jiwe hilo jekundu lilikuwa mchanga wa jangwa la kale, na ukilitazama kwa karibu mara nyingine utaona mistari iliyolala mshazari, alama ya vilima vya mchanga vilivyosukumwa na upepo. Basi ukiona safu nyekundu tupu, kisia mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Kipimo hiki ni cha magharibi. Kwa Aberdeen hakifai, kwa sababu huko tenementi nyingi ni za graniti.

Zunguka nyuma ya jengo na utaona kilichofichwa. Mbele mawe yamechongwa laini, viungo vyake ni vyembamba kiasi cha milimita 3 hadi 5. Nyuma ni mawe ghafi, yamepangwa kwa jicho, na viungo ni vipana. Mjenzi alitumia fedha pale palipoonekana barabarani. Unene wa ukuta wa nje hukaribia milimita 600, lakini si jiwe moja: ni nyuso mbili za mawe, na katikati pamejazwa vipande na mota ya chokaa, yaani mchanganyiko laini wa kuunganishia mawe. Ndani ya nyumba, lipu haikupigwa juu ya jiwe. Vigingi vya mbao vilipigiliwa kwenye viungo, juu yake zikawekwa mbao, kisha fito, na lipu ya chokaa ikapakwa juu ya fito. Kati ya fito na jiwe kuna nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ina kazi. Ukuta wa aina hii hunyonya mvua na kuitoa tena kwa kukauka, na hewa ile huzuia unyevu usifike kwenye lipu. Anayeijaza povu la plastiki ili nyumba iwe na joto anauondolea ukuta njia ya kukaukia upande wa ndani, na anazifungia mbao pamoja na maji.

Hapo ndipo inapoingia habari ya chokaa, na nitakaa nayo, kwa sababu madhara mengi ya karne iliyopita yalianzia hapo. Katika ukuta wa mawe ya mchanga, mota inatakiwa iwe dhaifu kuliko jiwe. Maji hutafuta njia rahisi ya kutokea. Kiungo kikiwa cha chokaa, hutokea kwenye kiungo, na baada ya miaka mingi kinacholika ni mota, ambayo hubadilishwa kwa bei nafuu. Kiungo kikizibwa kwa saruji, maji hayawezi kupita hapo, yanalazimika kupita kwenye jiwe lenyewe. Chumvi iliyomo huganda nyuma tu ya uso wa jiwe na kuusukuma, na baridi kali humalizia kazi. Baada ya muda unaona jambo la kuhuzunisha: mistari ya saruji imesimama mbele kama fremu, na jiwe lililokuwa katikati limerudi ndani. Saruji pia hainyumbuki. Jengo likicheza kidogo tu, inapata nyufa nyembamba kama unywele, na nyufa hizo hunyonya mvua kwa nguvu.

Kazi ya kurudishia chokaa ina vipimo vyake. Kwenye mawe ghafi ya nyuma, mota iliyokufa hutolewa mpaka kina cha mara mbili ya upana wa kiungo, na isipungue milimita 25. Vumbi huoshwa, kiungo huloweshwa, kisha mota mpya husukumwa ndani kwa tabaka, siyo kupakwa juu juu. Mchanganyiko wa kawaida kwa ukuta wenye mvua nyingi ni fungu moja la chokaa ya haidroliki (inayoganda hata penye maji) ya daraja la nguvu la 3.5 kwa mafungu mawili na nusu ya mchanga mkali wenye chembe za ukubwa mbalimbali, ingawa jiwe laini sana hutaka chokaa dhaifu zaidi. Viungo vya mbele ni kazi nyingine kabisa. Mashine ya kusagia isiruhusiwe kuvigusa. Diski yake ni pana kuliko kiungo, kwa hiyo hukata kingo za mawe pande zote mbili, na kidonda hicho hakiponi. Fundi anayejua hutumia kipande cha msumeno wa chuma, kisha huingiza chokaa laini iliyolainishwa kwa mchanga mwembamba sana. Kazi isifanywe halijoto ikiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au baridi ya kugandisha ikitarajiwa usiku, na ukuta ufunikwe kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa ili chokaa isikauke haraka ikawa unga. Kwa hali ya hewa ya Uskoti, msimu salama ni takriban Aprili hadi Septemba. Mkandarasi anayeahidi kazi ya chokaa mwezi wa Januari bila jukwaa lililofunikwa aulizwe maswali.

Jiwe lenyewe nalo lina upande wake. Jiwe la mchanga ni matabaka, na linatakiwa lilale ukutani kama lilivyolala ardhini, matabaka yakiwa mlalo. Waashi wa enzi hizo mara nyingi walilisimamisha, matabaka yakaelekea barabarani, kwani hivyo walipata uso mpana na laini kwa kazi ndogo. Jiwe hilo huchubuka bamba kwa bamba, kama kitunguu kinachomenywa, wakati jirani yake wa kulia na kushoto ni mzima. Tiba yake ni kukata sehemu iliyooza mpaka kina cha angalau milimita 100 na kuchomeka jiwe jipya lenye vinyweleo vya kufanana na la zamani, likiwa limelazwa sawasawa. Kulisiriba kwa saruji iliyotiwa rangi huficha tu. Kiraka kinatoka baada ya miaka michache na kuondoka na ngozi nyingine ya jiwe.

Sasa ingia mlangoni. Njia ile ya chini pamoja na ngazi, watu wa Glasgow huiita klosi. Edinburgh husema ngazi tu. Klosi ndiyo iliyotangaza hadhi ya wakazi. Za watu wa kawaida zilipakwa rangi na kupigwa mstari wa rangi nyingine juu yake. Za wenye uwezo zilivishwa vigae vya kung'aa mpaka usawa wa bega, kijani kibichi, kahawia iliyoiva au maziwa, vikiwa na ukanda wa maua juu, na dirisha la ngazi likawekwa vioo vya rangi. Upande wa magharibi ngazi hukaa nyuma na kupata mwanga wa dirisha kila nusu ghorofa. Edinburgh mara nyingi hukaa katikati ya jengo na kuangazwa na kuba la kioo juu ya paa. Namba za nyumba hufuata mantiki hiyohiyo: 2/1 ni ghorofa ya pili, mlango wa kwanza ukihesabu kutoka kushoto unapofika juu ya ngazi.

Vidato vya jiwe vinastahili heshima. Katika ngazi nyingi kila kidato kimeingizwa ukutani upande mmoja tu, na upande wa pili kinaelea. Kisichoonekana ni kwamba kila kidato pia kimekaa juu ya ukingo wa kile cha chini yake, kwa mchongo mdogo, na ukuta unakizuia kisipinduke. Kwa hiyo uzito hushuka kidato kwa kidato mpaka sakafuni. Kidato kimoja kikipasuka, tatizo si la kidato hicho peke yake, kwani cha juu yake kimepoteza pa kukalia. Ngazi itegemezwe kwa nguzo mara moja, aitwe mhandisi, na asiruhusiwe mtu kupandisha samani nzito. Vilevile, fundi asichimbe mfereji wa bomba au waya kwenye ukuta ulioshika vidato.

Ndani ya nyumba mpango ni wa akili. Chumba cha wageni kiko mbele, mara nyingi kikiwa na dirisha lililochomoza barabarani. Jiko liko nyuma, na ndilo lilikuwa moyo wa maisha. Jikoni palikuwa na shubaka la kitanda, nafasi iliyoingia ukutani ambamo watu walilala karibu na moto. Familia maskini ziliishi katika chumba kimoja tu, wengine katika chumba na jiko. Msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuanzia 1862 Glasgow ilipigilia vibati kwenye milango ya nyumba ndogo, vikionyesha ujazo wa chumba na idadi ya watu walioruhusiwa kulala. Kiwango kilikuwa futi 300 za ujazo kwa kila mtu mzima. Choo cha pamoja kwenye nusu ghorofa kilikuja baadaye, na minara iliyoongezwa nyuma ya majengo ya zamani ili kuvibeba vyoo hivyo bado inaonekana. Anayetaka kuona nyumba ya tabaka la kati isiyoguswa aende 145 Buccleuch Street, Glasgow. Jengo ni la 1892, na nyumba hiyo aliishi Agnes Toward tangu 1911 mpaka 1965 bila kubadili mengi. Leo inatunzwa na National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi, na taa zake za gesi zinawaka.

Chini ya mbao za sakafu, kati ya boriti, kuna kitu ambacho wengi hukitupa bila kujua: majivu. Yalimwagwa juu ya vibao vilivyoshikiliwa kati ya boriti ili kuzuia sauti isipite kwenda kwa jirani wa chini. Ukiyatoa kwa ajili ya mabomba, yarudishe au weka kitu chenye uzito sawa, la sivyo jirani atasikia kila hatua. Boriti zenyewe huenda kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta mzito wa katikati, na ukuta huo hubeba ghorofa zote. Mtu wa chini anayetaka kuunganisha jiko na sebule anagusa nyumba za wote walio juu yake. Kazi hiyo inahitaji hesabu za mhandisi na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi ya Historic Environment Scotland, yenye daraja A, B na C, kinahitajika pia kibali cha jengo lililoorodheshwa. Ulinzi huo huhusu ndani na nje, kwa hiyo lipu ya mapambo ya dari na madirisha ya mbao ya kupandisha na kushusha nayo yamo.

Paa ndiko balaa linakoanzia. Sleti, yaani vigae vya jiwe vya kuezekea, za zamani za magharibi zilitoka Ballachulish na Easdale: nzito, nene, za ukubwa tofauti. Mafundi walizipanga kubwa chini na ndogo juu, hivyo mistari hupungua kimo kadiri unavyokaribia kileleni. Zimepigiliwa moja kwa moja kwenye mbao zilizofunika paa zima, nyingi kwa msumari mmoja kichwani. Msumari mmoja una faida: fundi anaweza kuzisogeza kando sleti za jirani na kuingiza mpya bila kubomoa eneo kubwa. Machimbo ya Ballachulish yalifungwa 1955, kwa hiyo sleti za kutengenezea hutoka kwenye mapaa yaliyobomolewa. Mara nyingi kinachokufa ni misumari, sleti zenyewe zikiwa nzima. Sleti zikianza kuteleza kila baada ya dhoruba, misumari imekula kutu, na kubandika moja moja ni kupoteza fedha. Paa livuliwe, sleti zipangwe kwa ukubwa, zigongwe kusikia kama zinalia wazi au zimekufa sauti, zirudishwe kwa misumari ya shaba, na upungufu ujazwe upande wa nyuma.

Mifereji ya paa ni ya chuma cha kusubu na hukaa juu kabisa ya ukuta. Ikiziba, maji hayamwagiki mbele; hurudi nyuma na kuingia katikati ya ukuta, kwenye zile mbao zisizoonekana: ncha za boriti, vigingi vya lipu, na linta za mbao zilizokaa nyuma ya linta za jiwe juu ya madirisha. Mbao zikizidi unyevu wa asilimia 20 hivi na hewa ikiwa haipiti, kuvu anayeitwa Serpula lacrymans hupata makazi. Huvuka hata jiwe akitafuta mbao nyingine, na huweza kuhama ghorofa kabla hajaonekana. Usafi wa mifereji mara mbili kwa mwaka, mmoja ukiwa baada ya majani kuanguka, ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kubomoa chumba ili kumfuata kuvu huyo.

Nani analipa? Kwanza husomwa hati za umiliki. Pale hati ziliponyamaza, Sheria ya Tenementi ya Uskoti ya 2004 hujaza. Kwa mujibu wake paa ni mali ya nyumba iliyo juu kabisa, na ardhi chini ya jengo ni ya nyumba ya chini. Lakini utunzaji wa paa, msingi, kuta za nje na kila kinachobeba uzito ni wa wote, pamoja na mwenye duka la chini. Kila nyumba ina kura moja, na uamuzi wa walio wengi unawabana wengine: katika nyumba nane, kura tano. Asiyeridhika ana siku 28 za kwenda mahakama ya sherifu, ambayo ni mahakama ya eneo. Gharama hugawanywa sawasawa, isipokuwa nyumba kubwa kuliko zote inapozidi mara moja na nusu ya ndogo kuliko zote. Hapo hugawanywa kwa eneo. Ndogo ikiwa mita za mraba 60 na kubwa 95, basi ni kwa eneo. Dohani za juu ya paa zina hesabu yake, kwani umiliki hufuata idadi ya njia za moshi za kila nyumba, kwa hiyo hesabu njia hizo kabla ya kikao. Ikiwa hatari ni ya kuanguka au kuvuja, mmiliki mmoja anaweza kufanya kazi inayolinda jengo bila kusubiri kura, kisha akadai mafungu ya wenzake. Halmashauri nayo ina uwezo wa kulipia fungu la asiyelipa na kumdai baadaye. Bima ya kujenga upya ni lazima kwa kila nyumba.

Kabla ya kununua, au kabla ya kuitisha kikao, kagua siku ya mvua kubwa. Simama uani nyuma, siyo barabarani. Tazama pale bomba la kushushia maji linapokutana na mfereji: ukiona mstari wa kijani au jiwe jeusi linalong'aa, maji yanapita nje ya njia. Tazama nyuma ya bomba lenyewe, kwa sababu chuma hupasuka upande ulioelekea ukuta, ambako brashi ya rangi haikufika. Panda darini na tochi, uelekee kwanza kandokando ya dohani, kisha kwenye mabonde ya paa, ukibonyeza mbao kwa bisibisi. Inayozama imeoza. Rudi chini kupitia klosi ukitazama dari ya ghorofa ya juu, na umalizie kwenye shubaka la jikoni, kona ya ukuta wa nje, mahali ambapo harufu ya uyoga hutangulia kuonekana kwa chochote.